Deni la Chaki

Kila mwalimu aliyewahi kusimama mbele ya ubao katika nchi hii alisomeshwa na mtu. Kuna aliyesomeshwa na padri, kuna aliyesomeshwa na gavana, kuna aliyeteuliwa na kijiji chake akapewa posho na daftari, na siku hizi kuna anayesomeshwa na Bodi ya Mikopo. Walipaji wamebadilika, na kila mlipaji alikuja na masharti yake: nani achaguliwe, asome miaka mingapi, afundishe wapi, na baada ya kuhitimu adaiwe nini. Masharti hayo yamo katika sheria, nyaraka na mikataba ambayo wachache huisoma, lakini matokeo yake yameingia kila nyumba yenye mtoto wa shule. Ukitaka kujua kwa nini ulifundishwa na mwalimu wa aina fulani, ifuate fedha iliyomsomesha.

Historia hii ya Tanzania Bara ina zaidi ya karne moja, na ndani yake kuna swali lililorudi kwa kila kizazi: kijana anaposomeshwa ualimu kwa fedha ya umma, nani anamdai nani?

Boma na misheni

Shule ya kwanza ya Serikali ya Kijerumani katika koloni la Afrika Mashariki ilifunguliwa Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890. Boma lilihitaji makarani, wakalimani, watu wa forodha na maakida wa kusoma na kuandika Kiswahili kwa herufi za Kirumi. Ili kuwapata hao, walihitajika walimu kwanza. Baadhi ya wanafunzi bora wa Tanga wakawekwa kufundisha madarasa ya chini, na wengine wakapelekwa kufungua shule ndogo nje ya mji. Hapo Tanga ndipo gazeti la Kiswahili la Kiongozi lilipoanza kuchapwa katika muongo wa kwanza wa karne ya 20, na wasomaji wake wengi walikuwa watu waliotoka katika madarasa hayohayo.

Misheni zilikuwa zimetangulia. Kule Kiungani, Unguja, chuo cha Mtakatifu Andrea cha misheni ya Kianglikana ya UMCA kilikuwa kikilea walimu na makasisi tangu karne ya 19, wengi wao wakiwa vijana waliookolewa utumwani. Walioiva walivuka bahari kwenda vituo vya bara kama Magila. Chakula, nguo, kitanda na vitabu vyote vilitoka kwa misheni, na kijana alilipa kwa kwenda alikotumwa.

Kufikia mwaka 1914 shule za Serikali zilikuwa karibu 100, zenye wanafunzi kama 6,000. Za misheni zilizidi 1,800, na wanafunzi wake walizidi 100,000. Nyingi zilikuwa vibanda vya udongo na makuti, zikifundishwa na kijana aliyejua kusoma kidogo tu. Serikali ilisomesha wachache iliowahitaji ofisini, na mzigo wa kusomesha wengi ukabaki kwa kanisa. Kisha vita vya 1914 vikaja, shule zikafungwa, na walimu wakatawanyika, wengine wakiwa wapagazi wa majeshi.

Cheti kinageuka kuwa fedha

Waingereza walipokabidhiwa Tanganyika walikuta kazi hiyo ikisubiri. Mwaka 1924 tume ya mfuko wa Phelps-Stokes wa Marekani ilizunguka Afrika Mashariki ikiongozwa na Thomas Jesse Jones. Miongoni mwa wajumbe wake alikuwamo James Aggrey wa Gold Coast, Mwafrika ambaye watu wengi waliomsikia hawakumsahau. Tume iliona kwamba misheni ndizo zilizobeba elimu na kwamba Serikali ilipaswa kuweka mkono mfukoni. Mwaka uliofuata London ikatoa tamko la sera ya elimu kwa makoloni yake ya Afrika, na Oktoba 1925 Gavana Donald Cameron akawaita wakuu wa misheni Dar es Salaam kuzungumza nao. Kikao hicho kiliufungulia njia mfumo wa ruzuku.

Ruzuku hiyo haikutolewa kwa kila aliyeomba. Ili shule iipate, ilipaswa kukaguliwa, kufuata mtaala uliokubaliwa na kufundishwa na walimu wenye vyeti vinavyotambuliwa na Idara ya Elimu. Hesabu ya fedha iliwategemea walimu hao. Kwa kanuni hiyo moja, karatasi ya mwalimu Mwafrika ilipata thamani ya fedha kwa mara ya kwanza. Misheni ambayo jana ilimtuma kijana aliyebatizwa juzi, akiwa na kengele na kitabu cha kwanza cha kusoma, sasa ilikuwa na sababu ya kumweka chuoni miaka 2 ili apate cheti.

Vyuo vikaanza kuchipuka. Serikali yenyewe ilianzisha chuo Mpwapwa mwaka 1926, na mpaka leo wanachuo wanasoma pale, chini ya vilima vikavu vya Dodoma. Kiungani ikahamia bara na kuwa Minaki. Jirani zetu Kenya walifungua Shule ya Jeanes huko Kabete mwaka 1925 kwa msaada wa Shirika la Carnegie la Marekani. Pale mwalimu alisoma akiwa na mkewe, kisha akarudi kuzungukia shule za vijijini na kuwaonyesha walimu wenzake namna ya kufundisha, kulima na kutunza afya ya nyumba.

Hata hivyo kanuni ya ruzuku ilikuwa na upande wa pili. Palipokuwa na misheni imara, kama Kilimanjaro, Bukoba na Rungwe, vyuo vilikuwa vingi, vyeti vikawa vingi, na fedha ikafuata vyeti. Palipokuwa na misheni dhaifu, au ambapo wazazi Waislamu hawakutaka watoto wao wasomeshwe na kanisa, hapakuwa na cheti wala ruzuku. Tofauti za kimikoa ambazo Tanganyika huru ilizirithi, na ambazo bado tunazitaja, zilikuzwa kwa kiasi kikubwa na kanuni hii iliyoonekana ya haki kwenye karatasi. Hakuna aliyeamua kwamba mtoto wa pwani ya kusini apate mwalimu hafifu. Iliamuliwa tu kwamba fedha iende palipokuwa na cheti.

Mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 ulibana bajeti, na ruzuku ikabanwa nayo. Mwendo ulirudi baada ya Vita Kuu ya Pili, kwa mpango wa miaka 10 wa elimu ya Waafrika ulioanza mwaka 1947. Mpango huo ulisukuma mbele vyuo vya kuwafunza walimu wa shule za msingi.

Barua mbili kwa kijana wa Makerere

Mmoja wa waliosomea ualimu wakati wa vita hivyo alikuwa kijana kutoka Butiama. Julius Nyerere alitoka shule ya Serikali ya Tabora, akaingia Makerere mwaka 1943, na kufikia 1945 alikuwa amehitimu ualimu. Waandishi wa maisha yake husimulia kwamba mwishoni mwa masomo alipata barua mbili za kazi, zote kutoka Tabora. Moja ilitoka shule ya Mtakatifu Maria ya Mapadri Weupe. Nyingine ilimwita shule ya Serikali, ikimkumbusha kwamba miaka ya kufundisha misheni haitahesabiwa katika pensheni.

Barua hiyo ya pili ilikusudiwa kumvuta, nayo ikamsukuma mbali. Kijana huyo aliona ubaya wa kanuni inayowagawa walimu wawili wanaofundisha watoto wa nchi moja, katika mji mmoja, kazi ileile. Akachagua shule ya Mtakatifu Maria.

Kisa hiki kina uzito kwa sababu ya kilichofuata. Nyerere alifundisha Tabora, akaenda Edinburgh mwaka 1949, akarudi 1952 na kufundisha Pugu hadi Machi 1955, alipoacha kazi kwa ajili ya chama cha TANU. Mwaka 1962, nchi ikiwa huru kwa miezi tu, ilitungwa sheria ya kuunda utumishi mmoja wa walimu. Wa misheni, wa halmashauri na wa Serikali wakawekwa chini ya masharti mamoja ya kazi. Mwaka huohuo mfumo wa kuwatenga wanafunzi kwa rangi, shule za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika, nao uliondoka kisheria. Mwaka 1969 Sheria ya Elimu ikaziweka shule na vyuo vya misheni vilivyokuwa vikipata ruzuku chini ya uendeshaji wa Serikali. Tangu hapo mlipaji wa mwanachuo wa ualimu akawa mmoja.

Waranti, ahadi na maandamano

Tanganyika ilipopata uhuru, walimu wengi wa sekondari walikuwa wageni. Walikuja Waingereza, Wamarekani wa Peace Corps, na vijana wa mpango wa Walimu kwa Afrika Mashariki waliopitia Makerere. Chuo Kikuu kilichoanza Oktoba 1961 katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba kilikuwa na wanafunzi wa sheria wasiofika 20. Kilipohamia Mlimani mwaka 1964, Serikali ilianza kukitazama kama kiwanda cha walimu wa sekondari.

Ikaweka masharti. Aliyesomeshwa kwa msaada wa Serikali alitia sahihi ahadi ya kuitumikia nchi kwa miaka 5 mahali atakapopangiwa. Katika sanaa na sayansi, sehemu kubwa ya nafasi za ufadhili zilifungwa kwa ualimu: unataka kusoma historia au fizikia kwa fedha ya umma, basi soma na elimu, uende ukafundishe. Wapo waliokuwa na ndoto nyingine, wakalalamika kimyakimya. Lakini sababu ilikuwa wazi. Mkulima wa pamba aliyelipa kodi alikuwa na mtoto asiye na mwalimu wa hesabu.

Katika vyuo vya ualimu wa shule za msingi hali ilikuwa hivyohivyo, kwa kiwango kidogo. Kijana aliyechaguliwa Butimba, Marangu au Mpwapwa hakuulizwa ada. Alipata waranti ya safari, kile kikaratasi alichokionyesha stesheni au kituo cha basi akapanda bila kutoa senti, akiwa na tranka lake la bati na godoro lililofungwa kamba. Chuoni alipewa kitanda, ugali na maharage, shamba la kulima na mkufunzi wa kumkagua. Aliyetoka kidato cha 4 alisoma miaka 2 akawa mwalimu wa Daraja A, na aliyetoka shule ya msingi alihitimu Daraja C. Kisha barua ya kupangiwa kituo ilitoka. Kituo kingeweza kuwa Kibondo au Tunduru, lakini barua ilitoka.

Sauti ya kupinga masharti ilisikika mara moja kwa nguvu. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu na vyuo vingine waliandamana hadi Ikulu kupinga sheria mpya ya Jeshi la Kujenga Taifa. Sheria hiyo iliwataka wahitimu kutumikia miaka 2: miezi michache kambini, na muda uliobaki kazini kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Rais Nyerere aliwasikiliza, akawajibu kwa hasira ya mwalimu aliyevunjwa moyo na wanafunzi wake. Karibu 400 walirudishwa makwao. Lakini siku hiyohiyo alitangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi wa vijana wale waliruhusiwa kurudi masomoni mwaka uliofuata.

Kiini cha siku ile ni kwamba mkuu wa nchi alikubali kulipa sehemu yake. Aliwaambia vijana wana deni, kisha naye akatoa. Miezi michache baadaye, Februari 1967, likaja Azimio la Arusha, na Machi waraka wa Elimu ya Kujitegemea.

Redio chini ya mwembe

Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma ikaamua jambo zito: kila mtoto aliyefika umri wa shule awe darasani kufikia Novemba 1977. Lengo la awali lilikuwa 1989. Miaka 12 ilifupishwa kwa kikao kimoja. Ada ya shule ya msingi ilikuwa imekwisha kufutwa mwaka 1973. Madarasa yangejengwa na wanavijiji kwa matofali yao wenyewe. Lakini walimu wangetoka wapi? Walihitajika kama 40,000, na vyuo vyote vya nchi, hata vingejaa mpaka korido, visingewatoa kwa muda huo.

Jibu lililopatikana ni mojawapo ya majaribio makubwa kabisa ya kuandaa walimu katika Afrika. Kijana hakuletwa chuoni, chuo kilimfuata kijijini. Serikali ya kijiji ilishiriki kumchagua, kutoka miongoni mwa waliomaliza darasa la saba, kijana wa tabia njema ambaye watu walimjua yeye na wazazi wake. Mafunzo yalichukua miaka 3. Alisoma kwa masomo ya posta, kwa vipindi vya Redio Tanzania na kwa msaada wa walimu wazoefu, na mwishoni aliingia chuoni kwa wiki 6 kabla ya mtihani. Alilipwa posho ndogo. Akifaulu, alikuwa mwalimu wa Daraja C.

Hebu tumwangalie siku moja, mwaka 1977. Asubuhi anafundisha darasa la kwanza, pengine chini ya mwembe kwa sababu bati za darasa bado hazijafika. Ana watoto 60 mbele yake, wengine wakubwa karibu kama yeye. Ubao umepakwa rangi ya mkaa uliochanganywa na majani. Mkononi ana andalio la somo aliloliandika jana usiku kwa kibatari, limepigwa mistari kwa rula: hatua, muda, kazi za mwalimu, kazi za wanafunzi, tathmini. Anafundisha silabi, ba be bi bo bu, na watoto wanaitikia mpaka wapita njia wanasimama. Mwalimu mzoefu amekaa nyuma anaandika. Jua likipinda, watoto wameondoka, yeye na wenzake wanne wanakaa kwenye benchi kuizunguka redio ya mkulima inayotumia betri, daftari magotini, wakisikiliza kipindi cha saikolojia ya mtoto. Betri zikiisha, somo la wiki hiyo wanalipata kwenye kijitabu cha posta. Kesho asubuhi anayafanyia kazi aliyoyasikia jana, mbele ya watoto walewale.

Vijana zaidi ya 45,000 waliandikishwa katika mpango huo, na zaidi ya 35,000 wakahitimu. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 karibu kila mtoto wa umri wa shule alikuwa ameandikishwa, jambo ambalo nchi chache maskini ziliwahi kulifikia.

Walimu wa UPE, yaani elimu ya msingi kwa wote, kama walivyoitwa, walidharauliwa sana baadaye. Kila matokeo yalipokuwa mabaya, walinyooshewa kidole. Ni kweli kwamba kijana wa darasa la saba ana mipaka katika kufundisha darasa la saba, na wengi walijikuta wakifundisha madarasa ya juu ambayo hawakuandaliwa kwa ajili yake. Lakini tukiwapima kwa haki, tuseme na yaliyowasibu. Vita vya Kagera, bei ya mafuta na kuporomoka kwa uchumi viliwakuta wakiwa ndio kwanza wameshika chaki. Vitabu viliisha, ukaguzi ukapungua, mshahara ukawa haumalizi wiki 2. Mafunzo kazini waliyohitaji hayakuwafikia wengi mpaka miaka mingi kupita, yalipokuja kwa jina la MUKA. Serikali iliwaita kwa haraka, ikachelewa kurudi kuwasomesha zaidi. Deni hilo halikuwa la kwao.

Ruzuku inageuka mkopo

Uchumi ulipoanguka, kanuni ya kulipia elimu nayo ilianguka. Mwaka 1988 Serikali ilitangaza uchangiaji katika elimu ya juu, na kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1990 wazazi na wanafunzi wakaanza kubeba gharama hatua kwa hatua. Waranti zikawa hadithi za kaka na dada. Mwaka 1994 JKT ya lazima ilisimamishwa. Ile ahadi ya kutumikia, iliyokuwa moyo wa mfumo wa zamani, ilififia bila mtu kutangaza kwamba imekufa.

Mahali pake ukaja mkopo. Sheria Namba 9 ya mwaka 2004 iliunda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi Julai 2005. Mkopo ulikatwa vipande: ada, chakula na malazi, vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kitivo, mafunzo kwa vitendo. Wanafunzi walikuwa na jina lao la fedha ya kujikimu, bumu, na neno hilo mpaka leo likitamkwa chuoni watu husimama. Likichelewa, wanachuo hukopeshana mchele chumbani. Likitoka, foleni ya benki hufika barabarani.

Wanafunzi wa ualimu, hasa wa sayansi na hisabati, waliwekwa katika kundi la kipaumbele. Mwaka huohuo wa 2005 Chuo cha Ualimu Chang'ombe kiligeuzwa kuwa chuo kikuu kishiriki cha elimu, DUCE, na sekondari ya Mkwawa kule Iringa ikawa MUCE. Chuo Kikuu cha Dodoma kikafuata mwaka 2007, kikiwa na maelfu ya wanafunzi wa elimu. Mamia kwa maelfu ya vijana ambao zamani wasingekanyaga chuo kikuu walipata shahada, na hilo ni jema lisilopaswa kusahaulika.

Lakini tazama kilichobadilika katika mkataba. Wa zamani ulisema: tumekusomesha, utatumikia. Wa sasa unasema: tumekukopesha, utalipa. Mwanzoni makato yalikuwa asilimia 8 ya mshahara, na marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 yakayapandisha hadi asilimia 15. Juu yake palikuwa na tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo, iliyofanya walimu wengi walipe miaka na miaka huku deni likikataa kupungua, mpaka ilipofutwa mwaka 2021. Mkataba mpya uliandika wajibu wa kijana kwa asilimia. Upande wa Serikali, wa kumpa kituo cha kazi, haukuandikwa.

Haraka na gharama yake

Miaka ileile shule zilikuwa zikifumuka. MMEM, mpango wa elimu ya msingi wa mwaka 2002, ulikuja baada ya ada ya shule ya msingi, iliyokuwa imerudishwa, kufutwa tena, na madarasa yakajaa. Wanachuo wa Daraja A wakapunguziwa muda wa chuoni: mwaka mmoja darasani kwa wakufunzi, mwaka mmoja shuleni wakifundisha. Kisha ukaja MMES wa sekondari mwaka 2004, na kampeni ya kila kata kuwa na sekondari yake. Shule za sekondari zilikuwa 1,291 mwaka 2004. Mwaka 2009 zilikuwa 4,102.

Ili kuzifungua, vijana waliomaliza kidato cha 6 walipewa mafunzo ya wiki chache na leseni, wakapelekwa kufundisha. Wanafunzi waliwaita Voda Fasta, jina la vocha za simu za wakati ule, kwa sababu ya kasi waliyotengenezwa nayo. Wengine walijitahidi sana na baadaye wakasoma wakawa walimu wazuri. Lakini kijana wa 2006 hakupata hata kile alichopata kijana wa 1977: miaka 3, redio, kijitabu, na mwalimu mzoefu aliyekaa nyuma ya darasa akiandika. Matokeo ya kidato cha 4 ya mwaka 2012 yalipotangazwa, takriban asilimia 60 ya watahiniwa walipata sifuri, kabla hayajapangwa upya. Sababu zilikuwa nyingi, na upungufu wa walimu walioandaliwa ulikuwa miongoni mwake.

Baada ya mshtuko huo ilibuniwa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi na hisabati katika Chuo Kikuu cha Dodoma, kwa waliomaliza kidato cha 4, wakilipiwa kwa mkopo wa Serikali. Mei 2016, baada ya masomo kukwama kwa mgogoro na wahadhiri, zaidi ya wanafunzi 7,000 wa programu hiyo waliamriwa kuondoka chuoni kwa saa 24. Stendi ya Dodoma ilijaa vijana na mabegi, wengine bila nauli. Baadaye wenye sifa walihamishiwa vyuo vya ualimu vya Serikali, na wengine wakaambiwa sifa zao hazitoshi. Walikuwa wamechaguliwa, wakapokelewa na wakakopeshwa kwa kanuni zilizokuwapo. Kanuni zilipobadilika, gharama iliwaangukia wao.

Hesabu ya pande mbili

Leo Serikali ina vyuo vya ualimu 35, na kuanzia mwaka wa masomo 2023/24 mikopo imeanza kuwafikia hata wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, ualimu wa sayansi ukiwamo. Hatua hiyo ni ya kushukuru. Kijana wa stashahada alikuwa amesahauliwa kwa muda mrefu kati ya mzazi asiye na kitu na Bodi isiyomhusu.

Ila mnyororo umekatika mwishoni. Kwa miaka mingi mhitimu wa ualimu alipangiwa kituo moja kwa moja. Tangu 2015 hivi njia hiyo imeziba, na sasa mwalimu huomba kazi na kufanyiwa usaili. Katika zoezi la usaili lililofikia kilele mwanzoni mwa 2025, nafasi zilikuwa 14,648 na waombaji walizidi 200,000. Watu hao wamefanya mazoezi ya kufundisha (BTP), wameandika maandalio ya masomo hadi vidole vikauma, na wengi wao wana deni Bodi. Wapo wanaoendesha bodaboda, wapo wanaouza mitumba, na wapo wanaojitolea katika shule za vijiji vyao kwa posho ya wazazi. Na katika shule hizohizo mwalimu mmoja bado anabeba madarasa mawili.

Ukiirudia historia hii tangu Tanga ya miaka ya 1890, unaona kwamba kanuni za kumgharimia mwanachuo zilifanya kazi vizuri zaidi pale kila upande ulipobeba deni lake. Misheni ilimlisha kijana na ikampa kazi. Serikali ya Uhuru ilimpa waranti, ikamdai miaka 5, na ikampa kituo. Kijiji cha 1977 kilimchagua, kikamjengea darasa. Mambo yaliharibika pale upande mmoja ulipodai bila kutoa: ruzuku iliyofuata vyeti ikawaacha wasio navyo, haraka iliyowaita vijana ikawaacha bila mafunzo zaidi, mkopo unaohesabu asilimia bila kuhesabu ajira.

Kwa hiyo kanuni ijayo iandikwe kwa pande mbili. Kijana aliyesomeshwa kwa fedha ya umma adaiwe utumishi, miaka 5 kama ilivyokuwa, hata Kibondo au Tunduru, na kila mwaka anaofundisha kijijini upunguze mkopo wake. Serikali nayo ijifunge kwa maandishi kwamba haitamsomesha mwalimu ambaye haina nia ya kumpa darasa. Wabunge waulize hilo kila bajeti ya elimu inapowekwa mezani, na wazazi wawaulize wabunge. Walimu wapo, wamekwisha kusomeshwa, na watoto wapo. Kilichobaki ni kuwakutanisha.